Mbona kinaanguka hivyo? Kutafuta shida kwenye majaribio ya kuanguka, parashuti na ndege

Kila muhula ukifika wakati wa praktiko napata meseji zile zile. Mwalimu kaangusha mpira kapata graviti ya 7 badala ya 9.8, mwanafunzi katengeneza parashuti inazunguka kama pia, mwingine kaona video ya mtu anafungua parashuti akapaa juu sasa anauliza graviti imeenda wapi. Nimeamua niyaweke yote sehemu moja, dalili kwanza alafu chanzo alafu cha kufanya, maana nimegundua karibu yote yanatoka kwenye jambo moja ambalo tunalipitia darasani kwa mstari mmoja tu na wanafunzi wanalimeza hivyo hivyo: kitu kikianguka kwa spidi isiyobadilika haina maana nguvu zimeisha, maana yake zimelingana. Hilo tutakutana nalo tena na tena mpaka kwenye ndege kubwa za abiria.

Tuwekane sawa kwenye maneno kwanza. Uzito unavuta chini na haubadiliki njia nzima. Ukinzani wa hewa unasukuma kinyume na kule kitu kinakokwenda, na huu haukai kimya hata kidogo, spidi ikiwa mara mbili ukinzani unakuwa mara nne, spidi mara tatu ukinzani mara tisa. Kwa hiyo ukiachia kitu, mwanzoni uzito uko peke yake, spidi inapanda, ukinzani nao unapanda kwa fujo, mwisho unaufikia uzito, wanatoshana nguvu na spidi inaganda pale pale. Hiyo ndo spidi ya kikomo, kwenye vitabu utaikuta kasi kikomo.

"Nimepata graviti ya 7, mwenzangu kapata 14"

Hewa haihusiki hapa, ni kidole chako. Ukiangusha jiwe kutoka mita 1.5 linafika chini kwa sekunde 0.55 hivi. Sasa binadamu kuona alafu kubonyeza stopwochi inamla sekunde 0.2 au zaidi, siku nyingine anachelewa kuanza, siku nyingine anachelewa kusimamisha. Ukikosea sekunde 0.1 tu kwa kuzidisha unapata graviti ya 7, ukikosea 0.1 kwa kupunguza unapata kati ya 14 na 15, kwa sababu muda kwenye hesabu unazidishwa wenyewe kwa wenyewe na kosa linakua nao. Watu wanarudia mara kumi wanachukua wastani wanadhani wameponya, lakini kama we ni mtu wa kuchelewa kila mara basi wastani wako nao umechelewa.

Tiba, chukua video kwa simu. Video ya kawaida ni picha 30 kwa sekunde kwa hiyo kila picha ni sekunde 0.033, na simu nyingi saivi zina slomo ya picha 240, hapo unahesabu picha tu kuanzia jiwe linapoachiwa mpaka linapogusa chini. Kama hamna slomo kuna njia ya sauti ambayo mimi naipenda zaidi, funga jiwe chini ya puto, ninginiza puto, washa rekoda ya simu alafu pasua puto na sindano, mlio wa puto ni mwanzo na mlio wa jiwe sakafuni ni mwisho, fungua ile rekodi kwenye programu yoyote inayoonyesha mawimbi ya sauti utaona milima miwili, pima kati yake. Nimefanya hii na fomu tatu kwenye chumba kisicho na kifaa chochote cha maabara na majibu yalikuja 9.6, 9.9, 9.7, watoto walishangilia kama wamefunga goli.

"Kutoka begani vinafika pamoja, kutoka ghorofani havifiki pamoja"

Hili ni swali zuri sana na mwanafunzi akiuliza hivi usimkatishe. Alichukua kimpira cha tebo tenisi na jiwe la saizi ile ile, akaangusha toka begani vikafika pamoja kama mwalimu alivyosema, akaenda ghorofa ya kwanza akaangusha toka mita 6 jiwe likatangulia wazi kabisa. Sasa nani mwongo?

Hamna mwongo. Kimpira kile kina gramu 2.7 na upana wa sentimita 4, spidi yake ya kikomo ni kama mita 8 hadi 9 kwa sekunde, jiwe la saizi hiyo lina gramu 80 na zaidi na kikomo chake kiko mbali sana huko juu. Kutoka mita 1.5 vyote havijafika hata mita 6 kwa sekunde, ukinzani bado mdogo, tofauti yao ni kama sekunde 0.02 na jicho halioni. Kutoka mita 6 jiwe linatumia sekunde 1.1, kimpira karibu 1.3, na hapo unasikia kabisa ta... ta. Ukiongeza ghorofa tofauti inazidi kukua kwa sababu kimpira kimeshakaribia kuganda na jiwe bado linaongeza.

Wengine wanajibu kirahisi tu kwamba kizito kinaanguka haraka. Hapana. Kizito kinavutwa zaidi ndio, lakini ni kibishi zaidi kusogezwa kwa kiasi kile kile, vinafutana. Hewa ndo inayoleta ubaguzi. Tarehe 2 Agosti 1971 David Scott wa Apollo 15 alisimama mwezini akaachia nyundo ya kilo 1.3 na nyoya la kozi kwa pamoja, vikagusa mchanga pamoja, kule hamna hewa. Ile video mwonyeshe mwanafunzi kabla hujamuandikia chochote ubaoni.

"Nimepanga vikaratasi vya keki, mwanzo vimefuata sheria alafu vikaacha"

Jaribio la bei rahisi kuliko yote kwa spidi ya kikomo ni vile vikaratasi vya kuokea keki ndogo. Kimoja kinaganda haraka sana, ndani ya nusu mita kimeshafika kikomo, kwa hiyo unapima mita na sekunde unagawanya basi. Ukivichomeka vinne umbo ni lile lile ila uzito mara nne, na kwa kuwa ukinzani unakwenda kwa spidi mara spidi, spidi inatakiwa iwe mara mbili tu. Vikiwa tisa, mara tatu. Ni nzuri mno hii, mwanafunzi anaona kipeuo cha pili kinatembea mbele ya macho yake.

Dalili inayokuja, kimoja sawa, vinne sawa, tisa vinatoa spidi ndogo kuliko inavyotakiwa, kumi na sita ndo kabisa. Chanzo, vyumba vyetu vifupi. Umbali wa kufikia kikomo nao unakua, kanuni ninayotumia ni hii: chukua spidi ya kikomo, izidishe yenyewe kwa yenyewe, gawanya kwa 9.8, alafu zidisha mara mbili, hizo ndo mita unazohitaji ili ufike asilimia 99 ya kikomo. Kikaratasi kimoja cha mita 1.5 kwa sekunde kinahitaji nusu mita. Tisa vinavyotakiwa kwenda mita 4.5 kwa sekunde vinahitaji mita 4 na bado hujaanza kupima! Kwa hiyo ama upande juu, kwenye ngazi za ghorofa au roshani siku isiyo na upepo, ama uishie vinne na useme wazi kwenye ripoti kwa nini umeishia hapo. Na feni zima jamani, na madirisha funga, kikaratasi cha gramu 0.4 kinapelekwa hata na mtu akipita karibu.

Kama kikaratasi kinapinduka njiani basi kimeachiwa kimelala upande au kimekunjamana, kiweke juu ya kiganja alafu uuondoe mkono kwa ghafla kwenda chini na pembeni, usikibane kwa vidole juu.

Wanaotumia gololi ya chuma ndani ya mafuta ya kula, nanyi nawasemea kwa kifupi: silinda nyembamba inachelewesha gololi, mafuta ya asubuhi na ya mchana siyo yale yale maana yakipata joto yanalegea, na msisahau kwamba mafuta yanaisukuma gololi juu pia, hiyo nguvu ya kuelea hewani tunaipuuza ila kwenye mafuta haipuuziki.

"Hesabu inanipa jibu la ajabu"

Hesabu yenyewe ya spidi ya kikomo ni kipeuo cha pili cha: mbili mara masi (kilo za kitu) mara graviti, gawanya kwa densiti ya hewa (kilo za hewa kwenye mita moja ya ujazo) mara eneo mara namba ya umbo. Namba ya umbo kwa mpira ni karibu 0.5, kwa parashuti ya duara karibu 0.8. Raha ya hesabu hii ni kwamba kosa lako linajitaja lenyewe ukiangalia limezidi mara ngapi.

Jibu limezidi mara 32 hivi, umeweka gramu badala ya kilo, kipeuo cha 1,000 ni 31.6. Jibu limekuwa nusu kamili, umetumia kipenyo chote kwenye eneo la duara badala ya nusu kipenyo, eneo likawa mara nne. Jibu kubwa ambalo halifanani na kitu, umesahau kuchukua kipeuo. Na kuna wale wanaopata tone la mvua linaanguka kwa mita 198 kwa sekunde, hao wametumia ile hesabu ya kuanguka bila hewa kutoka wingu la kilomita 2. Ingekuwa kweli mvua ingetoboa mabati, na isingebaki hata mhogo mmoja shambani. Tone la milimita 2 linaganda kwenye mita 6.5 kwa sekunde, tone kubwa la milimita 5 linafika mita 9, manyunyu yale ya asubuhi yako polepole zaidi bado. Kitu kidogo kinaanguka polepole kwa sababu ukipunguza upana nusu, eneo linapungua mara nne ila uzito unapungua mara nane, na ndo maana sisimizi akianguka toka darini anaendelea na safari zake.

Parashuti: inayumba, inazunguka, haifunguki, au yai limepasuka

Kwanza malighafi. Mifuko ya plastiki tuliyokuwa tunakata zamani imepigwa marufuku, Kenya toka 2017 na Tanzania toka Juni 2019, tafuta kitambaa cha mwavuli uliokufa, ni kizuri kuliko mfuko hata hivyo.

Inayumba kama bembea, huku na huku mpaka inamwaga mzigo. Hewa imejaa ndani haina pa kutokea, inavuja ukingo wa upande mmoja, parashuti inalala upande ule, alafu inavuja upande wa pili. Toboa tundu katikati juu, kwa parashuti ya nusu mita tundu la sentimita 2 hadi 4 linatosha, hewa itoke kwa utulivu pale. Parashuti za kweli za duara nazo zina tundu hilo juu, mtu akiona anadhani ni kasoro. Watoto hawakubali kwamba kutoboa parashuti kunaisaidia mpaka waone, kwa hiyo fanya mbili waangushe pamoja.

Inazunguka, kamba hazilingani au mzigo umefungwa pembeni. Pima kamba kwa rula usikadirie kwa jicho, na urefu wake usipungue upana wa kitambaa, zikiwa fupi zinakivuta kijikunje kuwa kidogo.

Haifunguki, umeikunja kama shati la kuweka kabatini na umeitupa kutoka mita 3. Hewa inahitaji muda na spidi ya kuifungua. Ikunje kama akordioni, mikunjo ya kwenda na kurudi, usizungushie kamba, na panda juu zaidi.

Imefunguka vizuri ila yai ulilolifunga kama mzigo limepasuka. Hapa hesabu inaokoa mayai. Tuseme mzigo na yai ni gramu 100 na unataka litue kwa mita 3 kwa sekunde, ambayo ni sawa na kuanguka toka sentimita 46 tu, basi unahitaji eneo la mita za mraba 0.23, duara la upana wa sentimita 54. Sasa ukitaka spidi hiyo iwe nusu, hapa ndo wengi wanapotea, kitambaa hakitakiwi kuwa na eneo mara mbili, kinatakiwa mara nne, upana wa zaidi ya mita 1. Wanafunzi wanaongeza kipande kidogo pembeni wanashangaa hamna tofauti. Kuongeza kitambaa ni kazi ngumu, kupunguza uzito wa mzigo mara nyingi ni rahisi zaidi, angalia kama hujaweka gundi na mkanda wa gundi wa gramu 40.

"Kafungua parashuti kapaa juu!"

Hajapaa. Anayepiga video naye anaanguka pembeni yake kwa kama mita 55 kwa sekunde, kilomita 200 kwa saa, mwenzake akipungua ghafla anaonekana kama amevutwa mbinguni. Ni kama ukiwa kwenye basi, pikipiki ya pembeni ikafunga breki, unaiona inarudi nyuma wakati bado inakwenda mbele.

Ila nisiishie hapo maana kitu kikubwa kipo ndani yake. Chukua mtu wa kilo 80 na vifaa vyake. Uzito wake ni niutoni 784, yaani 80 mara 9.8, niutoni ndo kipimo cha nguvu. Akiruka, sekunde ya kwanza ukinzani ni kidogo sana. Baada ya sekunde kama 12, ameshashuka mita 450 hivi, yuko karibu kabisa na ile 55 na ukinzani ni karibu 784 pia. Zimelingana, spidi imeganda. Akifungua parashuti eneo linakuwa kubwa ghafla wakati spidi bado ni ile ile, ukinzani unaruka unakuwa mara kadhaa ya uzito, nguvu halisi sasa inaelekea juu, mchapuko (badiliko la spidi) unaelekea juu, lakini yeye BADO anakwenda chini. Anapungua, anapungua, ukinzani nao unashuka mpaka unarudi 784, spidi inaganda tena, safari hii kwenye mita 5 kwa sekunde.

Waulize wanafunzi ukinzani ni mkubwa lini, akianguka kwa 55 au akielea na parashuti kwa 5? Karibu darasa zima watasema kwenye parashuti. Ni sawa sawa, 784 na 784. Parashuti haikuongeza ukinzani wa mwisho hata niutoni moja, imebadilisha tu spidi ambayo huo ukinzani unapatikana. Nikiona mwanafunzi amekaa kimya anatazama ubao baada ya kuambiwa hili najua kimeingia.

"Anapungua spidi kabla ya kufungua chochote"

Hii inatoka kwa wanaosoma grafu ya spidi ya Felix Baumgartner, yule mrukaji wa parashuti. Tarehe 14 Oktoba 2012 aliruka kutoka kwenye puto la heliamu juu ya New Mexico, Marekani, kilomita 39 kutoka chini, akafika kilomita 1,357.6 kwa saa, kupita spidi ya sauti, alipokuwa kwenye kilomita 28 hivi. Alafu grafu inashuka! Bado anaanguka, parashuti bado imefungwa, spidi inapungua.

Chanzo ni kwamba spidi ya kikomo sio namba ya mtu, ni namba ya mtu pamoja na hewa iliyomzunguka. Kwenye kilomita 28 hewa ni kama asilimia 2 ya hewa ya pwani, kikomo cha kule ni kikubwa mno. Kadri anavyoshuka hewa inakuwa nzito, anaingia kwenye eneo ambalo spidi aliyonayo ni kubwa kuliko kikomo cha hapo, ukinzani unazidi uzito, anapungua. Aliyeandika kwenye daftari lake kwamba kitu kinachoanguka hakiwezi kupungua spidi bila parashuti afute.

Hii haiko mbali na sisi. Mwalimu wa Mbeya na mwalimu wa Dar wakiangusha parashuti zinazofanana kabisa, ya Mbeya inawahi kwa karibu asilimia 9, Mbeya ni mita 1,700 hivi juu ya bahari na hewa yake imepungua, sio kwamba mmoja kakosea. Weka densiti 1.17 ukiwa pwani kwenye joto, na kama 0.98 ukiwa Mbeya au Nairobi. Na hicho hicho ndo kinachowabana marubani wa Wilson pale Nairobi, uwanja uko futi 5,500 na ushee, mchana jua likiwaka ndege ndogo inahitaji kukimbia zaidi kwenye lami kabla bawa halijapata hewa ya kutosha kuinua, na injini nayo inakosa pumzi, ndo maana wanapunguza mizigo au wanaondoka asubuhi.

Kindege cha karatasi: kinapanda kinasimama kinadondoka, au kinazama moja kwa moja

Ndege ina nguvu nne, uzito chini, bawa linainua juu, injini inasukuma mbele, ukinzani unavuta nyuma. Ikiwa inakwenda sawa kwa spidi ile ile zinalingana mbili mbili. Kindege cha karatasi hakina injini kwa hiyo kinalipia mwendo kwa kushuka, kinauza urefu wa juu kinanunua spidi.

Kikipanda pua juu, kikasimama, kikadondosha pua, kikashika spidi, kikapanda tena, kama mtu anayepanda na kushuka vilima, basi pua ni nyepesi au umekunja nyuma ya bawa juu kupita kiasi. Weka klipu ya karatasi puani, isogeze kidogo kidogo mbele. Kikizama pua chini moja kwa moja kinyume chake, toa klipu au kunja ukingo wa nyuma wa bawa juu milimita 2 au 3, sio zaidi. Kikikata kona, kiangalie kwa mbele jicho likiwa usawa wa pua, bawa moja limepinda kuliko jingine.

Pale kinaposimama angani ndo pa kutazama. Bawa linainua kwa sababu linakutana na hewa kwa pembe ndogo, ukiongeza pembe linainua zaidi, lakini mabawa mengi yakifika kama digrii 15 hivi hewa ya juu ya bawa inashindwa kulifuata, inaachana nalo, nguvu ya kuinua inaporomoka na ukinzani unapaa. Marubani wanaita stoli. Watu wengi wakisikia stoli wanadhani injini imezimika kama gari, na kosa hilo la neno moja linazaa makosa mengine yote.

"Injini zikizimika ndege inadondoka kama jiwe"

Haidondoki. Tarehe 24 Agosti 2001 Airbus A330 ya Air Transat ikiwa juu ya Atlantiki ilivuja mafuta mpaka injini zote mbili zikazimika, watu 306 ndani. Iliteleza angani kama dakika 19, karibu kilomita 120, ikatua kisiwani Azores, wote wakatoka hai. Bawa halikujua kama injini zimezima, lilikuwa linapata hewa kwa pembe sahihi kwa sababu marubani walikuwa wanauza urefu wa juu kununua spidi, kile kile cha karatasi yako.

Sasa kinyume chake, na hili naliandika kwa uzito wake maana walikufa watu 228. Air France 447, Rio de Janeiro kwenda Paris, usiku wa kuamkia 1 Juni 2009, nayo A330. Mirija ya pito inayopima spidi iliziba kwa barafu kwa muda mfupi, otopailoti, ule mtambo unaoiendesha ndege yenyewe, ikajitoa, rubani akavuta pua juu, ndege ikapanda mpaka kama futi 38,000 ikaingia stoli. Injini zilikuwa nzima. Mabawa mazima. Ikaanguka dakika tatu na nusu mpaka baharini huku pua ikiwa juu, bawa likikutana na hewa kwa pembe ya zaidi ya digrii 35 kwa sehemu kubwa ya kuanguka kule.

Kwa nini hawakuielewa dalili? Ziko sababu nyingi na ripoti ya uchunguzi ni ndefu, lakini mbili zinatuhusu hapa. Ya kwanza ni kengele ya stoli. Spidi iliyopimwa ikishuka chini ya kama kilomita 110 kwa saa mfumo ulikuwa unaihesabu kuwa haiaminiki na kengele inanyamaza, kwa hiyo pua ikishushwa kidogo, yaani jambo sahihi, spidi inarudi kupimika na kengele inaanza kulia, ikivutwa juu inanyamaza. Ishara imegeuka kichwa chini miguu juu. Ya pili ni ile tuliyoanza nayo. Spidi ya kushuka ikishaganda nguvu zimelingana, na mwili wa binadamu hauhisi spidi, unahisi nguvu tu, kwa hiyo unakaa kwenye kiti na uzito wako wa kawaida kabisa wakati unashuka. Ndege ilipogusa maji ilikuwa inashuka futi 10,912 kwa dakika. Igeuze kwenye mita kwa sekunde, ni 55, ile ile ya mtu anayeanguka na parashuti iliyofungwa.

Tiba ya stoli ni kushusha pua. Inauma kuifanya ukiwa unaanguka, mkono unataka kuvuta juu, lakini bawa linahitaji pembe irudi ndogo kwanza ndo lishike hewa, injini baadaye. Ukitaka darasa lilione kwa macho, chukua kile kindege chenye klipu, kirushe kwa nguvu pua ikiwa juu kabisa ukiwa umesimama juu ya kiti. Kitasimama, kitashuka kidogo kikiwa kimelala bila kuruka, alafu klipu itavuta pua chini na kitaanza kuruka tena chenyewe. Toa klipu urushe tena vile vile, kitashuka mpaka sakafuni pua ikiwa juu. Waache warushe wenyewe mara kumi kumi, na kila mmoja aandike pua ilielekea wapi pale kilipoanza kuruka tena.